Siku babu alipowaruka wanawe

Babu hakutaka kusikia habari ya wosia. "Wosia husomwa mwenyewe akiwa hana mdomo tena," alisema. "Nataka anayebisha anibishie mimi." Basi tukaongozana hadi ofisi ya kijiji, huko kwetu Rungwe: babu, bibi, baba na wadogo zake, shangazi, na sisi wajukuu. Mezani zilikuwepo fomu za hatimiliki ya kimila, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999.

Kilichogawiwa ni shamba la chai, pamoja na migomba inayoteremka hadi mtoni. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mtu akifa mali ilimwendea kwanza ndugu yake, ndipo iwashukie watoto. Babu aliruka ndugu, akaruka na watoto. Sababu tuliijua sote ila hakuna aliyeitaja: baba mdogo mmoja aliuza kipande alichopewa akanunua pikipiki, na pikipiki yenyewe ilishakuwa vyuma chakavu.

"Na sisi, Baba?" akauliza huyo huyo.

"Ninyi niliwasomesha kwa chai hiyo hiyo. Fungu lenu mlishalila."

Mtendaji akaandika majina yetu wavulana, akafunika kalamu. Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, akamwambia aifunue. "Hao mabinti ndio wanaochuma. Waandike." Baba mdogo akaanza kuleta mambo ya mila. Mtendaji akamkatiza: kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Kumbe alikijua! Kwa nini alingoja bibi aseme, mpaka leo sijaelewa.

Wale wadogo hawakuwa wametimiza miaka 18, ikabidi atajwe wa kuwasimamia. Baba zetu wote wakajiweka sawa kwenye benchi. Babu akamtaja bibi. Shangazi alishindwa kuzuia kicheko.

Baba alisaini kama shahidi, mkono ukiwa mzito kidogo. Baba mdogo akatoka kupiga simu, akakaa huko, akarudi akasaini naye. Bibi alipomaliza kutia dole gumba alinigeukia: "Haya mume wangu, magugu ya kule juu ni yako sasa. Jumamosi uje na jembe, wala usiniletee habari za mgongo."