Kiingereza cha Forodhani

Jana jioni niliwachukua wanafunzi wangu sita wa Kidato cha Pili hadi bustani ya Forodhani, hapa Mji Mkongwe, Zanzibar. Daftari tuliziacha. Kazi ilikuwa moja: omba ruhusa kwa adabu, kisha zungumza na mgeni kwa Kiingereza dakika tano.

Binti mmoja, ambaye darasani hata jina lake huliitikia kwa kunong'ona, alimkuta mama Mwingereza anaishangaa mashine ya miwa. Akaanza kumweleza kwa nini juisi hutiwa ndimu na tangawizi. Neno la "kukamua" likamkwama. Akafinya mikono hewani, mama akamtajia, naye akalirudia mara tatu. Mimi neno hilo nimeliandika ubaoni mara ngapi!

Watoto hawa sarufi wanaijua. Mtihani wa Kidato cha Nne watauandika kwa Kiingereza, lakini nyumbani, sokoni na kwenye daladala ni Kiswahili kitupu. Wanachokosa ni mtu wa kuwajibu.

Njia nzima ya kurudi walibishana nani kazungumza zaidi, tena kwa Kiingereza, bila mimi kuwaambia. Nilitembea nyuma yao kimya, machozi yakinilengalenga. Ijumaa tunakwenda tena, inshallah.