Walisema nini hao wawili?

Mwezi ukiwa mpevu biashara yangu huchangamka. Asiyekaa Kigoma atashangaa, kwa hiyo nieleze: dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haifui dafu, mitumbwi inapumzika, na kina mama wa mwalo wa Kibirizi wanaonunua dagaa na kuwaanika wanapata siku chache za kunyoosha mgongo. Ndipo wanapopanda huku mtaani kwetu Mwanga, flashi imefungwa kwenye pindo la kanga pamoja na hela. "Mwanangu, nitilie za kutafsiriwa."

Nina kibanda cha kurushia muvi. Kompyuta moja, feni moja, televisheni ya kuwaonjesha wateja, na kreti mbili za soda za kukalia. Kreti moja ni ya shangazi. Yeye hachukui flashi, anaangalia palepale na halipi.

Siku ninayoisema alikuwa kwenye tamthilia ya Kikorea. Hizi za kutafsiriwa mnazijua: sauti ya asili imepunguzwa, halafu DJ mmoja, mwanamume, anawasemea wote. Anamsemea shujaa, adui, bibi kizee, hata mtoto mchanga anayelia. Ikafika sehemu mama mkwe na mke wa mwanawe wamekaa jikoni, sufuria ya supu katikati yao. Wakaongea. Waliongea kweli, yule mdogo akaweka kijiko chini, yule mkubwa akavua kitu kidoleni, akakirudisha. DJ akasema, "Hapa wanapiga umbea wao wa kike," akacheka, akatuambia tuvumilie kidogo, ngumi zinakuja.

Shangazi akanigeukia. "Midomo imecheza mpaka supu imechemka, yeye kasema neno moja. Walisema nini hao wawili?"

Sikuwa na jibu, na iliniuma, kwa sababu wiki hizo nilikuwa na daftari la kuandika wanawake wa kwenye muvi wanaongea nini.

Daftari lilitokana na katuni. Mwaka 1985 mchoraji wa Marekani, Alison Bechdel, alichora wanawake wawili wakipita mbele ya jumba la sinema. Mmoja anasema haangalii filamu mpaka itimize masharti matatu: iwe na wanawake wawili au zaidi, waongee wao kwa wao, na waongee jambo lisilo mwanamume. Ya mwisho aliyoweza kuiona, anasema, ni Alien, maana humo wanawake wawili wanaongea habari za lile dubwana. Wanaishia kwenda nyumbani kukaanga bisi. Bechdel mwenyewe husema wazo ni la rafiki yake, Liz Wallace. Ulikuwa utani, lakini watu wameugeuza kuwa mizani. Mwaka 2013 majumba manne ya sinema ya Sweden yalianza kuzipa alama A filamu zinazopita.

Nami nikajaribu kuandika A kwa kalamu nyekundu kwenye orodha yangu ya ukutani. Kijana wa kwanza kuiona akauliza kama A ni ya "aksheni". Wa pili akadhani ni za watu wazima na akataka zote. Nikazifuta.

Mizani yenyewe ina tundu. Gravity ya mwaka 2013 karibu yote ni mwanamke mmoja akipigania roho yake huko angani, na inafeli, kwa kuwa hana mwanamke wa kuongea naye. Na muvi ya kipuuzi kabisa inaweza kupita kwa sababu wasichana wawili wamesifiana viatu. Hilo nililijua tangu mwanzo, ila nilizidi kujaza daftari kwa sababu ya hizi zetu za nyumbani. Huku hakuna DJ wa kumsingizia, lugha ni yetu wenyewe. Wanawake wamejaa, wanaongea kutwa, na ukiandika wanachoongea unarudia mstari mmoja ukurasa mzima: "Niachie mume wangu." Sebule ileile, makochi yaleyale. (Shangazi anazipenda hizo pia. Analia mpaka kanga inalowa, halafu anauliza kama kuna sehemu ya pili.)

Usiku ule nikaitafuta tamthilia ile ya asili, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, nilisimamisha kila sentensi. Wale wawili walikuwa wanahesabu madeni. Mwenye nyumba amepandisha kodi ya mgahawa wao. Mama mkwe anataka kuuza pete yake. Mkwe anakataa, anasema ameshaongea na mama anayewaletea samaki, amekubali kuwapa mali kauli mpaka mwisho wa mwezi. Mwanamume hakutajwa hata mmoja. Kwa mizani ya Bechdel sehemu ile imepita huko ilikotengenezwa, ikaja kufelishwa na mtu mwenye kipaza sauti kabla haijafika kwenye kreti ya shangazi.

DJ simlaumu sana. Bila yeye shangazi asingeijua tamthilia hiyo kabisa, na kutafsiri vinywa ishirini peke yako si mchezo. Lakini ngumi haihitaji tafsiri, na yeye huitangaza kila ngumi. Kilichohitaji tafsiri ni jikoni. Mali kauli! Nenda Kibirizi alfajiri mitumbwi inapoingia, simama karibu na vichanja, utasikia neno hilo kabla hujasikia jina la mume wa mtu.

Mwezi uliofuata, mbalamwezi ilipokolea, shangazi alikuja na wenzake watatu. Nikaongeza ndoo mbili kwa kugeuza chini juu, nikakaanga bisi, nikaweka ile ya asili. Ilipofika jikoni nikashika kipanya, nikawa nasimamisha na kuwatafsiria sentensi moja moja. Sauti yangu mbaya na nilikwama mara mbili. Nilipofika kwenye pete, mmoja akasema auze tu, dhahabu itanunuliwa nyingine. Mwingine akaruka: auze ya nini na samaki anapewa? Shangazi akataka kujua yule wa samaki anadai riba au hadai. Nikarudisha nyuma kuangalia. Hawakuitaja riba.

"Basi huyo ni ndugu," akasema shangazi.

"Au anawategea," akasema wa kwanza, na ubishi ukaanza upya.

Mlangoni kulikuwa na kijana na flashi yake, amesimama muda. "Dada, mtaendelea lini? Nataka zile za ngumi."

Shangazi hakugeuka hata. "Subiri, mwanangu. Watu wako kwenye hesabu."