Picha za watu stesheni: mradi umefikia wapi

Haya jamani, wale mnaouliza mradi wangu wa picha za treni umefia wapi, bado upo ila umegeuka kidogo. Treni yenyewe nimeachana nayo. Ile ya abiria ya Kampala–Namanve, hapa Uganda, imepigwa picha mpaka basi tangu ianze 2015, mi nawataka wanaoisubiri, maana mtu akisubiri anausahau uso wake.

Siku hizi nashinda Kireka jioni, stesheni ya njiani. Reli inatoka mjini inaelekea mashariki, kwa hiyo treni ya jioni inakuja jua likiwa nyuma yake, na wote wanaoichungulia wanapigwa na mwanga mzuri usoni, nikihamia upande wa pili napata vivuli vitupu. Ila ikweta iko hapo jirani tu, jua likishaanza kushuka halingoji mtu, ukikaa unachezea vitufe giza limeingia. Ndo maana kamera naiseti mapema: lenzi ya milimita 35 kwenye ful-fremu (kamera ya sensa kubwa), tundu la lenzi f/8, fokasi naifunga mita 3, na kila kitu toka kama mita 2 hadi karibu 7 kinatoka safi, shata 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe. Anga jeupe linaidanganya kamera, sura zetu zinageuka mkaa, so naiambia kamera iingize mwanga zaidi kidogo, anga likiungua liungue.

Ninayoipenda mpaka sasa ni ya mama mmoja kakaa juu ya jerikeni ya njano, viatu vya ofisini kavivua kaviweka pembeni, miguuni slipasi, tiketi kaibana kwa midomo huku mikono yote miwili imezama kwenye mkoba inasaka simu inayolia. Sura haionekani vizuri na wala sijali.

Watu wanapenda kutaja ile picha ya mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson ya 1932, jamaa anaruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare kule Paris, eti bahati tu. Sawa, bahati ipo, lakini aliipiga akichungulia kwenye mwanya wa uzio, yaani pa kusimama alishapatafuta. Hapo ndo kwenye kazi.

Na mtu akiniona? Nashusha kamera, nasalimia, namwonyesha kwenye skrini. Mzee muuza karanga alijitazama wee, akacheka, “sasa kijana wangu, mbona umeninenepesha hivi?”, akasema niiache. Asiyetaka naifuta palepale mbele yake, sibishani. Watoto siwapigi mpaka mzazi akubali.

Sasa nachagua za kuprinti. Rangi au nyeusi na nyeupe, hapo ndo kichwa kinauma, ile ya mama ukiitoa njano ya jerikeni imekufa, zingine rangi inaziharibu kabisa sababu ya mabango ya kampuni za simu. Nikiamua nashuka Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, kuulizia bei ya karatasi isiyong'aa, na kopi ya kwanza ni ya mzee wa karanga, ameshanidai tayari.