Swali nililolijibu kwa uongo: jeni za mzazi na afya ya akili ya mtoto

Mwaka juzi nilikaa mbele ya daktari pamoja na mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 16 na ambaye kwa miezi mitatu mfululizo alikuwa amepoteza hamu ya kila alichokipenda, usingizi wake umevurugika, na akiulizwa jambo hujibu kwa neno moja. Daktari aliuliza maswali mengi, nami niliyajibu yote kwa ukweli hadi alipofika kwenye hili: "Katika ukoo wenu, mama, yupo aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili?" Nikasema hakuna. Jibu lilinitoka kabla sijalifikiri, na kijana wangu hakushtuka, kwa kuwa hata yeye alikuwa hajui.

Baba yangu mzazi aliishi na baipola kwa zaidi ya miaka 30. Ni ugonjwa unaompandisha mtu mpaka akahisi anaweza lolote, kisha ukamshusha mpaka akashindwa kunyanyua kichwa, na nyumbani kwetu haukuwa na jina. Mama alikuwa na neno moja tu, "amechoka", alilolitumia kwa hali zote mbili, na sisi watoto tulijifunza kuelewa kutokana na sauti yake ni uchovu wa aina gani. Usiku mmoja, nikiwa na miaka tisa, niliamka saa tisa nikamkuta sebuleni ameifungua saa ya ukutani. Skrubu zake alikuwa amezipanga juu ya gazeti kwa mstari ulionyooka, kuanzia iliyo ndogo kabisa, na alinieleza bila kuvuta pumzi jinsi atakavyounda saa isiyohitaji betri. Huo ulikuwa usiku wake wa nne bila kulala. Wiki chache baadaye alikuwa kitandani, ameuelekea ukuta, na vipande vya saa ile vilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Tunaambiwa mtoto wa nyoka ni nyoka, na nadhani methali hiyo ndiyo iliyonijibia kwa daktari. Niliamini kwamba nikilitaja jina la baba yangu, nitakuwa nimemhukumu mwanangu. Katika wiki mbili zilizofuata nilisoma kila nilichoweza kukielewa kuhusu urithi wa magonjwa ya akili, na niliyoyakuta yalinionyesha kwamba nilikuwa nimekosea mara mbili: nimeikosea sayansi, na nimemkosea kijana.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba ipo jeni ya wazimu ambayo mtu ama anayo ama hana. Yapo magonjwa ya ubongo yanayokwenda hivyo. Ugonjwa wa Huntington, ambao jeni yake iligunduliwa mwaka 1993, hutokana na hitilafu katika jeni moja tu, na mtoto wa mzazi aliye nayo ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Akishairithi hitilafu yenyewe, akaishi umri wa kutosha, ugonjwa humfikia. Skizofrenia (ugonjwa unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo), baipola, sonona (huzuni nzito isiyoisha) na usonji (hali ya ubongo inayogusa mawasiliano tangu utotoni) haviko hivyo kwa sehemu kubwa. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zilizobebwa na jozi 23 za kromosomu, nusu ya kila jozi ikitoka kwa mama na nusu kwa baba, na magonjwa haya huguswa na mamia au maelfu ya tofauti ndogondogo zilizotawanyika humo. Mwaka 2014 muungano wa watafiti kutoka nchi nyingi ulitangaza sehemu 108 za jeni zinazohusiana na skizofrenia. Mwaka 2022, baada ya kuongezwa maelfu mengi ya watu, sehemu hizo zilifika 287. Kila moja ikichukuliwa peke yake huongeza uwezekano kwa kiasi kidogo mno, na wengi wetu tunatembea na nyingi kati ya hizo bila kuugua. Anachopokea mtoto, basi, ni fungu lililochanganywa upya kutoka kwa wazazi wawili, na ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana sana katika jambo hili.

Takwimu zenyewe nilizisoma kwa hofu, kisha nikazisoma tena nikiwa nimetulia. Katika watu wote kwa jumla, skizofrenia humpata takriban mtu mmoja katika 100. Mtoto mwenye mzazi mmoja anayeugua skizofrenia ana uwezekano unaokaribia mmoja katika 10, na kwa baipola hali haitofautiani sana. Anayetaka kuogopa ataona kwamba hatari imezidishwa mara kumi, na atakuwa amesema kweli. Mwingine ataona kwamba watoto tisa kati ya kumi hawapati ugonjwa wa mzazi wao, naye atakuwa amesema kweli vilevile. Kwa mapacha wanaofanana, ambao jeni zao ni karibu zilezile, mmoja akiugua skizofrenia, mwenzake hubaki bila ugonjwa huo katika nusu au zaidi ya jozi hizo. Kama jeni zingekuwa hukumu, jambo hilo lisingewezekana.

Hapa pana neno linalowapotosha watu wengi, na lilinipotosha mimi pia. Wataalamu husema kwamba kiwango cha urithi cha skizofrenia ni karibu asilimia 80, cha usonji hukadiriwa hivyohivyo, na cha sonona ni chini zaidi, karibu asilimia 37. Nilipoiona mara ya kwanza ile 80 nilifunga kompyuta. Kumbe haina maana kwamba mtoto ana uwezekano wa asilimia 80 wa kuugua. Kiwango cha urithi huuliza swali lingine kabisa: ukizitazama tofauti zilizopo baina ya watu wa kundi fulani, ni sehemu gani ya tofauti hizo inayoelezwa na jeni zao? Kimo cha mtu nacho kina kiwango cha urithi kinachokaribia 80, lakini mtoto aliyenyimwa chakula atadumaa hata wazazi wake wakiwa warefu kama minazi. Namba hiyo inaeleza habari za kundi zima, na haiwezi kumsemea kijana mmoja aliyekaa kwenye kiti mbele ya daktari.

Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba magonjwa haya hayaheshimu mipaka tuliyoyawekea. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2009, uliopitia kumbukumbu za familia zaidi ya milioni mbili, ulionyesha kwamba skizofrenia na baipola zinashirikiana sehemu kubwa ya mizizi yake ya kijeni. Uchambuzi wa mwaka 2014, uliounganisha tafiti nyingi za watoto wa wazazi wenye magonjwa makali ya akili, ulikuta kwamba karibu theluthi moja yao waliugua ugonjwa mkali wa akili walipofikia utu uzima, na haikuwa lazima uwe uleule wa mzazi. Mzazi anaweza kuwa na baipola na mtoto akapata sonona. Kwa hiyo daktari hakuwa ananiuliza kama yupo mtu katika ukoo aliyekuwa na dalili kama za mwanangu. Aliuliza kuhusu ugonjwa wa akili kwa jumla, na alikuwa na sababu.

Sasa niseme neno kuhusu akina mama, maana hapa nina kinyongo changu. Kabla jeni hazijachunguzwa vizuri, lawama ilikuwa juu ya malezi, na kwa kweli ilikuwa juu ya mama. Mwaka 1948 tabibu Frieda Fromm-Reichmann aliandika habari za mama anayezalisha skizofrenia kwa ubaridi na ukali wake, na katika miaka ya 1960 Bruno Bettelheim aliwalaumu mama wa watoto wenye usonji kwa kukosa upendo. Wanawake waliokesha usiku kucha na watoto wao waliambiwa kwamba wao ndio sumu. Kilichosaidia kulivunja wazo hilo ni utafiti wa Leonard Heston wa mwaka 1966, kule Oregon nchini Marekani, uliowafuatilia watu 47 waliozaliwa na mama wenye skizofrenia na kutenganishwa nao siku chache tu baada ya kuzaliwa. Watano kati yao walikuja kupata skizofrenia, ilhali katika watu 50 waliotenganishwa vilevile na mama wasio na ugonjwa huo hakuna hata mmoja aliyeupata. Hakuna mama aliyewalea wale watano kwa ubaridi. Hawakuwahi kulelewa naye. Mama yangu mzazi naye alisemwa na mawifi zake kwamba ndiye aliyemchanganya kaka yao, na laiti ningekuwa na karatasi hiyo ya Heston siku zile, ningeibandika mlangoni.

Hata hivyo, malezi hayakutupwa nje ya habari hii. Nchini Finland, Pekka Tienari na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto walioasiliwa, wakiwemo waliozaliwa na mama wenye skizofrenia na magonjwa ya jamii yake, na wakachunguza pia hali ya nyumba zilizowalea. Watoto waliobeba hatari ya kijeni na kukulia katika nyumba zenye ugomvi na mawasiliano yaliyovurugika waliugua zaidi. Waliobeba hatari ileile na kukulia katika nyumba tulivu walisalimika kwa kiasi kikubwa. Yapo na mengine yanayochangia tangu tumboni: watoto waliotungwa mimba katika njaa iliyoikumba Uholanzi katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 walipata skizofrenia karibu mara mbili ya wenzao. Bangi, hasa kwa kijana anayeivuta mara kwa mara angali ubongo wake unakua, nayo imo katika orodha hiyo.

Ugumu wake ni kwamba mzazi mgonjwa humpa mtoto vyote viwili kwa mkono mmoja. Mimi nilipokea nusu ya jeni za baba yangu, na nililala pia katika nyumba ambamo mtu alikuwa macho usiku kucha akifungua saa. Nikiwa na wasiwasi leo, siwezi kuutenganisha na kusema huu ni wa damu na huu ni wa sebule ile.

Si kila hitilafu hurithiwa, na hili naligusa tu. Mnamo 2012 watafiti wa Iceland walionyesha kwamba kila mwaka unaoongezeka katika umri wa baba huongeza takriban mabadiliko mawili mapya katika jeni za mtoto atakayemzaa, mabadiliko ambayo baba mwenyewe hakuzaliwa nayo. Kuna pia upungufu wa kipande kidogo cha kromosomu ya 22, ambao mara nyingi hujitokeza upya kwa mtoto bila wazazi kuwa nao. Karibu robo ya waliozaliwa nao huja kupata skizofrenia au ugonjwa unaofanana nayo. Huo ni mfano wa nadra wa badiliko moja lenye uzito mkubwa.

Ukimya wa familia kama yetu una sababu zake, na sitaki kuufanyia dhihaka. Ujerumani ya Wanazi ilipitisha sheria mnamo Julai 1933 iliyoruhusu kuwahasi kwa nguvu watu wenye skizofrenia, wenye baipola, wenye kifafa na wengineo kwa hoja ya urithi, na watu wapatao 400,000 walifanyiwa hivyo. Watu wakishaona ukoo unavyoweza kutumika dhidi yao, hujifunza kusema "amechoka".

Lakini hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuchukua nafasi ya jibu nililolificha. Alama zinazokokotolewa kwa kujumlisha tofauti nyingi za jeni bado haziwezi kumwambia mtu mmoja kama ataugua, na kwa kuwa zimejengwa zaidi kwa sampuli za watu wenye asili ya Ulaya, hubashiri vibaya zaidi kwa sisi wengine. Historia ya familia, inayosimuliwa kwa mdomo na mtu anayeijua, bado ni miongoni mwa vyombo bora alivyo navyo daktari.

Nilirudi kwake baada ya wiki mbili. Nikamweleza habari za baba yangu mbele ya mwanangu: miaka ya kupanda na kushuka, nyakati za kulazwa, na jina ambalo mama hakulitamka. Daktari hakunilaumu. Alifungua faili, akaandika mstari mmoja, kisha akaghairi dawa aliyokuwa amepanga kuiandika. Akanieleza kwamba baipola mara nyingi hujitokeza kwanza kwa sura ya sonona, na kwamba dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa kijana mwenye uelekeo huo zinaweza kumrusha hadi upande wa pili. Akauliza pia baba alitibiwa kwa dawa gani, na nilipotaja lithiamu, dawa ambayo John Cade aliripoti manufaa yake mwaka 1949, akaiandika nayo, kwa kuwa dawa hiyo ikimfaa mtu, huelekea kuwafaa pia ndugu zake wa damu. Mpaka leo mwanangu hajaambiwa kwamba ana chochote zaidi ya sonona, ambayo imepungua sana, lakini anafuatiliwa na mtu anayejua kitu cha kutazama.

Tulipotoka, alitembea kimya hadi mwisho wa ukumbi. Kisha akaniuliza babu alikuwa akilala saa ngapi kabla hali haijaanza. Nikamweleza kwamba alianza kupunguza saa moja moja, halafu nikamsimulia usiku wa skrubu, kwa mpangilio wake, tangu ile ndogo kabisa. Akataka kujua kama saa ile iliwahi kuungwa tena. Nikamwambia haikuungwa, na kwamba mfuko wake wa nailoni ninao kabatini.