Mchape? Mpimeni mkojo kwanza
Binti yangu ana miaka 6, alishaacha kabisa kukojoa kitandani. Ghafla akaanza tena. Ushauri ukamiminika: anadeka huyo, mchape! Mimi nilichokuwa naona ni mtoto anayekimbilia chooni kila mara, anatoa matone mawili matatu huku amekunja uso na kubana magoti. Tukapima mkojo: maambukizi ya njia ya mkojo. Akaandikiwa antibayotiki. Daktari akauliza pia kama anapata choo kigumu (sikulitarajia hilo). Kumbe kinyesi kikijaa hukandamiza kibofu, mkojo hautoki wote, bakteria wanazaliana. Siku hizi anakunywa maji ya kutosha, habani mkojo, anajifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Dozi kamaliza yote, ingawa maumivu yaliisha mapema.