Huyu mama aliacha Oscar zake akaenda bungeni

Jamani wiki hii nimemfuatilia mama mmoja wa Kiingereza, Glenda Jackson, mpaka bando limekata. Nilianza na ile tamthilia ya BBC ya 1971 anayocheza Malkia Elizabeth wa Kwanza, alikubali kunyolewa nywele za mbele kweli kweli ili paji lifanane na la malkia, anaanza binti anamaliza bibi kizee na unamuamini kila hatua aisee.

Baba yake alikuwa fundi wa kujenga tofali, yeye mwenyewe alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa kabla hajaingia chuo cha RADA kule London kusomea uigizaji. Akaja kubeba Oscar mbili na zote hakwenda kuzipokea 😂

Sasa sikia hii, 1992 akaacha kuigiza akagombea ubunge kwa chama cha Labour akashinda, akakaa bungeni mpaka 2015, na hata waziri mkuu wa wakati huo Tony Blair, wa chama chake mwenyewe, mama huyu alimpinga wazi kuhusu vita ya Iraq. Mimi nilidhani basi baada ya hapo kaenda kupumzika, wapi! 2016 ana miaka 80 karudi jukwaani kwenye ukumbi wa Old Vic, London, anacheza King Lear, yaani mfalme mwanaume, ile nafasi ambayo vijana wenyewe wanahema. 2018 akachukua Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani, kule New York.

Alifariki Juni 2023, na filamu yake ya mwisho na Michael Caine ikatoka miezi michache baadaye. Hiyo bado sijaiona, nangoja bando lingine.