Vitoto vya paka vya Deep Sea

Jamani, usingizi nimeusahau. Nimepokea vitoto vinne vya paka vilivyookotwa soko la samaki Deep Sea, hapa Tanga, macho bado hayajafumbuka. Nalea tu hadi vipate wenyewe. Maziwa ya ng'ombe hapana, yanaharisha. Nawapa ya unga, ya paka (bei yake usiulize), kwa bomba la sindano, kila baada ya saa mbili tatu, vikiwa kifudifudi. Ukivilaza chali vitapaliwa. Kisha navipangusa nyuma kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, la sivyo havikojoi.

Mama analalamika: "Wenzio wanaleta wajukuu, wewe waniletea mapaka!" Juzi nikamkuta kavifunika kanga yake mpya, ile hata mimi haniazimi. Anayetaka kimoja ajipange, ila havitoki kabla ya wiki nane.